Masika ya Mtoto Asiyepata Homa

Jumatatu, 4 Machi
Mvua imeanza alfajiri. Kuanzia leo nitaandika kila siku ilivyonyesha, maana mwaka jana karani wa mahakama alinisimamia mlangoni akasema shati lake limechelewa kwa uvivu wangu. Mwaka huu akija nitamfungulia ukurasa asome mwenyewe. Niliishia darasa la nne, lakini mwandiko wangu unasomeka.
Jua halipo, nguo zitakauka kwa pasi. Magunia ya makaa nimeyapandisha juu ya matofali.
Mjukuu wangu anakohoa. Nimemgusa shingoni kwa mgongo wa mkono, baridi. Ameenda shule.

Jumatano, 6 Machi
Mvua. Chiriku bado anakohoa. Tunamwita Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hajawahi kufunga mdomo. Ana miaka kumi na meno safu mbili: ya utotoni yamekataa kung'oka, ya ukubwani yamechoka kungoja, yakaota nyuma yake. Shuleni wanamcheka. Nimemwambia awajibu kwamba yeye ana ya akiba.

Jumamosi, 9 Machi
Jipu jingine, la kwapani. Kubwa kama yai, laini, halina moto wala halimuumi. Majipu ya mtoto huyu ni ya ajabu, hayana hasira kama ya watu wengine. Yanakotoka nakujua. Baba yake ni fundi bomba. Anashinda ametumbukiza mikono kwenye vyoo na mitaro ya watu, halafu jioni anakuja hapa kumbeba mwanawe.
Leo nimemwambia, "Wewe, kabla hujamshika mtoto, kanawe."
"Nimenawa, Mama."
"Kanawe tena."
Akaenda akanawa tena. Mkwe wangu huyu hajawahi kunijibu. Marehemu binti yangu naye aliondoka na majipu ya namna hii. Kifua kilimshika masika ya mwaka juzi, chumbani kwa mwanamume huyu, kikammalizia hospitali. Nilipokwenda kumchukua mtoto, hakubisha. Mtu asiye na hatia angebisha.

Jumatano, 13 Machi
Mvua kutwa. Pasi tu.

Jumapili, 17 Machi
Chiriku amelala mchana, na chakula amekichezea.
"Unaumwa?"
"Hapana, Bibi. Nimechoka tu."
Nimemgusa shingo, tumbo, chini ya kwapa. Kote baridi. Nimeshika pasi ya makaa tangu nikiwa msichana. Nikisogeza mkono tu karibu na chuma, najua kama kitaunguza hariri, sina haja ya kutemea mate. Moto naujua mimi. Mwili mgonjwa unachemka, hilo halihitaji shule. Nimemwambia ainuke afagie.
Amefagia.

Jumanne, 19 Machi
Mvua kubwa. Mkwe wangu amepita na mfuko wake wa vifaa, amesimama mlangoni akimsikiliza mtoto.
"Mama, anapumua vibaya huyu."
"Ulitaka apumue vipi, kwa bomba?"
"Nilikuwa nasema labda tumpeleke hospitali."
"Hospitali ndiyo iliyonirudishia binti yangu ndani ya shuka. Mguse. Ana moto?"
Akamgusa. "Hana."
"Basi."
Akakaa kidogo, akasema atapita tena keshokutwa.

Jumatano, 20 Machi
Mvua. Karani ametuma mtu kuulizia shati. Jeupe, la kesi kubwa. Nimesema kesho.

Alhamisi, 21 Machi
Naandikia kwenye benchi la hospitali.
Asubuhi Chiriku hakwenda shule. Nilimwacha anipokeze nguo, mimi nipige pasi. Tulifanya hivyo muda mrefu ndipo nikagundua chumba kimekuwa kimya. Huyu mtoto akinipokeza hata leso huniambia habari zake zote, nani kampiga nani, mwalimu kavaa nini. Leo alikuwa ananyoosha mkono tu. Alipochukua shati la karani akakohoa mara moja, likatoka tope. Usaha na damu, kifuani pa shati.
Nilishika shati kwanza. Kisha nikamshika yeye.
Alikuwa baridi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo alivyokuwa.
Baba yake alifika kama alivyosema. Hakuuliza kitu. Alitupa mfuko wake uani kwenye matope, akamweka mtoto mgongoni, tukatoka na mvua ile. Sikumwambia anawe.
Nesi wa mapokezi alimpima. "Hana homa. Kaeni foleni."
Mimi nikakaa. Ningefanya nini? Nesi mwenyewe kasema maneno yangu.
Mkwe wangu hakukaa. Akamwambia, "Dada, nakuomba uweke sikio lako kifuani kwake. Mara moja tu. Ukisikia pako sawa nitarudi mwisho wa foleni."
Nesi akakunja uso, akaweka kipimo chake cha masikioni. Akakihamisha. Akakihamisha tena. Halafu akaita mtu na kitanda cha magurudumu.

Ijumaa, 22 Machi
Picha ya kifua imetoka. Pafu la kushoto lina shimo, na shimo limejaa usaha. Wamemtoboa ubavuni wakaingiza mpira, na huo mpira umeshuka mpaka kwenye chupa chini ya kitanda. Usaha ulipotoka mwanzo ulikuwa mzito kama uji. Nimeona mengi, hilo sikuwahi kuliona. Na hata wakati ule mkono wa Chiriku ulikuwa baridi kama ukuta.
Daktari ni binti wa miwani, umri wa mjukuu wangu mkubwa kama ningekuwa naye. Alituketisha mimi na mkwe wangu chumbani kwake akaanza kuuliza. Majipu? Yapo. Yana moto? Hayana. Amewahi kuvunjika? Mkono, alipoanguka kitandani akiwa na miaka mitano, kitanda chenyewe kifupi kama kigoda. Meno? Nikamwambia akayatazame mwenyewe. Akasema ameshayatazama.
"Bibi, mama yake yuko wapi?"
"Amefariki."
"Kwa nini?"
"Kifua."
"Alikuwa na majipu?"
"Alikuwa nayo."
"Tangu lini?"
"Tangu mdogo. Kila masika tulikuwa tunamkamua."
"Na meno yake?"
"Nilimng'oa mwenyewe kwa uzi, alipofika miaka kumi na mitatu, watu waache kumcheka."
Daktari akawa anaandika. Mkwe wangu alikuwa ananitazama. Mimi nilitazama kalamu.
Binti yangu alimjua huyu fundi akiwa mtu mzima, anajitegemea. Wakati tunamkamua yale majipu, huyu alikuwa bado mtoto huko kwao, hatujui jina lake.
Daktari akasema Chiriku ana ugonjwa wa kuzaliwa nao. Akautaja jina, refu, sikulishika na sikutaka kulishika. Akasema ni wadudu wadogo, bakteria, wanaoingia.
Nikamuuliza, "Wa kwenye mitaro?"
"Mitaro ipi?"
"Baba yake ni fundi bomba."
Mkwe wangu akatazama viatu vyake.
"Hapana, Bibi. Wadudu hawa wako kila mahali. Hata kwako wapo, kwenye ngozi, puani."
"Kwangu? Mwanangu, mimi naoga asubuhi na jioni, na nasugua."
"Hata ungeoga kutwa. Wapo kwangu pia. Ila wakitaka kuingia kwako, mwili unawaka. Unapata homa, unavimba, unauma, unawatoa. Mwili wa mjukuu wako hauwaki. Wanaingia, wanajenga, wanazaa, na mwili hausemi kitu. Haupigi kelele."
"Anayepiga kelele ni yeye mwenyewe," mkwe wangu akasema. "Kutwa nzima."
"Basi yeye ndiye wa kusikilizwa," akasema daktari.
Akaeleza kwamba mtoto kaupata kwa mama yake. Mama mwenye ugonjwa huu, kila mtoto anayemzaa ana nusu ya kuupata na nusu ya kukwepa. Akataka damu yangu ajue kama nami ninao. Nikatoa mkono. Walichoma, sikuhisi. Itapelekwa mbali, majibu yatachukua muda.
Tulipotoka, mkwe wangu akaninunulia chai. Nikainywa.

Jumapili, 24 Machi
Sindano asubuhi, mchana na jioni. Sina la kuandika.

Jumatano, 27 Machi
Usaha umepungua, lakini sasa chupa inatoa mapovu. Nilidhani ni dawa inachemka. Mkwe wangu akachuchumaa chini ya kitanda akaitazama vile anavyotazama kazi yake.
"Mama, njoo uone. Unalijua lile bomba lililopinda chini ya sinki? Pale kwenye kona maji hukaa. Uchafu unapita kwenda nje, lakini harufu hairudi ndani, maji yameziba njia. Na hii ni vile vile. Hewa inatoka kifuani, inapita kwenye maji, kurudi haiwezi."
"Kwa hiyo mjukuu wangu amefungiwa choo."
Akacheka. Miaka yote hii sikujua kwamba ana pengo kwenye magego. Chiriku naye akacheka, na alipocheka mapovu yakaja mengi kwa mpigo, maji yakaruka ndani ya chupa. Wote tukaacha kucheka.
Nesi akatueleza. Mapovu maana yake pafu limetoboka na hewa inavuja. Likiziba lenyewe, mapovu yatakoma. Lisipoziba itabidi wafungue kifua wakate kile kipande kibovu. Nikamuuliza wakikata inakuwaje. Akasema kwa mtoto mwenye ugonjwa huu, hata palipokatwa panaweza kukataa kufunga. Akasema tuombe lizibe lenyewe.

Jumamosi, 30 Machi
Mapovu.

Jumatatu, 1 Aprili
Nilirudi nyumbani kubadilisha nguo. Maji yameingia, makaa ya chini yamelowa, matofali hayakutosha. Nililisugua shati la karani kwa kila nilichonacho. Doa limekaa. Nikiwa nasugua, mwenyewe akatokea mlangoni na mwavuli. Nikajiandaa. Nilikuwa na maneno tayari, na daftari lilikuwa kando.
Akalitazama shati, akanitazama.
"Nimesikia ni mtoto. Anaendeleaje?"
"Yupo."
"Shati liache, mama. Lifanye hata la kushikia pasi."
Akaondoka. Sikujua kama yule mtu anajua kuuliza hali.

Jumanne, 2 Aprili
Mapovu. Mvua.

Ijumaa, 5 Aprili
Mapovu. Tunapokezana, mimi mchana, baba yake akitoka kazini. Anakuja na nguo za kazi, na manesi wanamruhusu, na mimi sijasema kitu. Akiketi anamsimulia mwanawe alichokuta kwenye mabomba ya watu. Leo alikuta kijiko, soksi, na meno ya bandia ya mzee mmoja.
"Aliyavaa tena?" Chiriku akauliza.
"Aliyasuuza kwanza."
"Ningempa yangu. Mimi ninayo ya ziada."
Alisema kwa kupumzika katikati ya maneno. Zamani nilikuwa namwambia nyamaza, unanitoboa masikio. Leo nimemwambia endelea, akaniambia amechoka.

Jumapili, 7 Aprili
Daktari amekuja na mwenzake, yule anayepasua. Wamesema wanalingoja pafu siku chache tu za mwisho. Mkwe wangu ameniuliza, wakisema wakate, tukubali?
Mimi ndiye niliyekataa hospitali. Nilitazamia ataniambia hilo. Mtu mwingine angeniambia, na mimi ningekuwa yeye ningesema mbele ya wodi nzima. Hakusema. Aliniuliza tu kama vile mimi ni mtu ambaye jibu lake lina maana.
Nikamwambia, "Wewe ndiye baba yake."
"Na wewe ni mama yangu. Ndiyo maana nauliza."
Nikasema wakate kama lazima. Akaitikia kwa kichwa. Tukakaa. Mvua ilikuwa inapiga bati la wodi, mtu hamsikii mwenzake.

Jumanne, 9 Aprili
Asubuhi nilikuwa natazama chupa. Hiyo ndiyo kazi yangu siku hizi, natazama chupa kama wengine wanavyotazama televisheni. Mapovu yakaja, yakaja moja moja, yakakatika. Nikangoja. Maji yametulia kabisa.
Nikamtazama Chiriku, macho kayafumba.
Nilipiga ukelele. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliinuka wakakaa. Nesi akaja mbio, kiatu kimoja kimemtoka.
"Nini, Bibi?"
"Imezimika! Imezimika!"
Akaufuata mpira kwa vidole kuanzia ubavuni mpaka kwenye chupa, kuona kama umejikunja. Haukujikunja. Akamtikisa Chiriku. "Kohoa."
"Nimelala," Chiriku akasema.
"Kohoa, mwanangu."
Akakohoa. Maji yakapanda kidogo kwenye mpira, yakashuka. Hakuna povu. "Tena." Hakuna povu.
Nesi akakaa kitandani. "Bibi, limeziba. Hicho ulichokuwa unapigia kelele ndicho tulichokuwa tunakiomba."
Nikadhani nitalia. Nilikwenda nje ya wodi nikasimama penye kona, nikangoja kilio kije. Hakikuja. Nikarudi nikamalizia uji wa mtoto, ulikuwa unapoa.

Ijumaa, 12 Aprili
Mpira umetolewa. Amelia. Mimi nimemshika miguu.

Jumamosi, 20 Aprili
Tumerudi nyumbani. Atakunywa vidonge vya kuua bakteria kila siku, si mpaka apone, bali siku zote. Jirani wa mbele ameshaviona na ameshaniuliza kwa sauti ya chini mtoto ana nini hasa, na macho yake yalikuwa yamekwisha kujijibu. Nikamwambia ana meno mengi, na akiendelea kuuliza atamng'ata.
Daktari alinipa maneno ya mwisho mlangoni. "Bibi, kipima joto na huo mkono wako, viweke kando. Kwa huyu havisemi kweli. Muulize. Akikuambia hajisikii vizuri, mlete siku hiyo hiyo, hata awe baridi kama maji ya mtungi."
Nikamjibu ndiyo. Usiku wa kwanza nilimgusa hata hivyo. Mkono una mazoea yake. Baridi. Nikarudi kulala, na sikujua nimejua nini.

Jumatatu, 29 Aprili
Mvua ndogo. Mkwe wangu ameweka mfereji uani, maji sasa yanapita nje. Nilimtengea chakula. Akala.

Jumatatu, 13 Mei
Majibu ya damu yamerudi. Mimi sina huo ugonjwa. Mume wangu alikwisha kufa zamani, hawawezi kumpima, ila daktari anasema kwa habari nilizompa za upande wake, inaelekea hakuwa nao. Yawezekana ulianzia kwa binti yangu mwenyewe, tumboni, kabla hajaonwa na mtu. Hakuna aliyemletea.
Nilirudi nikapiga pasi mpaka jioni. Nimemgombeza mkwe wangu miaka miwili, na kabla yake binti yangu, kwamba hajitunzi. Sasa nimgombeze nani?
Mkwe wangu alipofika nikamwambia yaliyosemwa. Akanisikiliza mpaka mwisho.
"Kwa hiyo haikuwa kile chumba," akasema.
"Hapana."
"Mimi nilikuwa nadhani ni kile chumba, Mama. Ukuta ulikuwa na maji. Nilikuwa naziba mabomba ya watu, ule ukuta wetu sikuuziba."
Hapo ndipo nikajua kwa nini hakubisha siku ile nilipokwenda kumchukua mtoto.
Nikamwambia haukuwa ukuta. Nikarudia, maana alikuwa kama hajasikia.

Ijumaa, 24 Mei
Haikunyesha. Nguo zimekauka kwenye kamba. Chiriku amerudi shule wiki hii.

Jumanne, 4 Juni
Jua. Nilikuwa nimewasha makaa, pasi imeshika moto wake, rundo liko mbele yangu. Chiriku akatoka na sare, akasimama.
"Bibi, kifua."
"Kinafanya nini?"
"Hakijisikii vizuri."
Uso wake ulikuwa wa kawaida. Hakukohoa. Alikuwa amekula vitumbua vyote. Mkono wangu ukainuka wenyewe, nikaurudisha. Nikamwaga makaa uani, nikayamwagia maji, nikafunga mlango.
Tulikaa hospitali tangu asubuhi mpaka mchana. Wamemsikiliza, wamempiga picha, wamemtoa damu. Daktari wa miwani akaiweka picha kwenye mwanga, akatafuta, akarudia kutafuta.
"Bibi, leo sioni kitu kipya. Kovu la zamani tu, limetulia."
"Tazama tena."
Akatazama tena. Halafu akainama kwa Chiriku, akamuuliza taratibu, "Kinauma wapi hasa?"
Chiriku akaonyesha kulia. Halafu akaonyesha kushoto. Halafu akanyamaza, nami nikamshika bega.
"Shuleni leo kuna nini?" daktari akamuuliza.
"Mtihani wa hesabu."
"Umesoma?"
"Nilikuwa hospitali walipofundisha."
Daktari akafuta miwani yake muda mrefu. Mimi nikaanza pale pale. Nimemgombeza kwenye korido, nimemgombeza kwenye ngazi, nimemgombeza njia nzima, watu wanageuka. Makaa yangu! Nguo za watu! Picha za bure! Na yeye anatembea kando yangu ananijibu neno kwa neno, kwamba hata hivyo kidogo kilikuwa kinauma, kwamba hesabu za sehemu hazina maana, kwamba mwalimu mwenyewe anakosea, kwamba mwenzake fulani alijifanya kipofu akaachwa. Hakusimama kupumua hata mara moja. Nikawa namtazama mdomo.
Tulipofika mlangoni nikamuuliza kesho kuna nini. Akasema sayansi.
"Sikiliza. Kesho kifua kikikusumbua, sema. Tutakwenda tena."
"Hata baada ya leo?"
"Hata baada ya leo."
Akafikiri.
"Sayansi naiweza," akasema.